Maji ya bomba kuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupanga na kugharamia mradi wa maji wa mikoa

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwenye mikutano ya vijiji, vikao vya madiwani na foleni za ndoo. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Mfano unaorudiwa zaidi ni mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria Shinyanga, Kahama na hatimaye Tabora, kwa sababu umeonja karibu kila jambo: siasa za Mto Nile, fedha za ndani, mkopo wa nje, na madeni ya bili. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, utaelekezwa kwenye namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Mradi wa maji wa mikoa una tofauti gani na mradi wa kijiji?

Mradi wa kijiji una chanzo chake, tenki lake na vilula vyake (vituo vya kuchotea maji), na ukiharibika wanaopata tabu ni wanakijiji hao hao. Mradi wa mikoa una chanzo kimoja, mtambo mmoja wa kusafisha maji na bomba kuu linalopita wilaya kadhaa, na kila mji au kijiji hutoa tawi lake njiani.

Mradi wa Ziwa Victoria chanzo chake kiko Ihelele, wilaya ya Misungwi. Maji huvutwa ziwani na kusafishwa kwenye mtambo wenye uwezo wa mita za ujazo 80,000 kwa siku, yaani lita milioni 80. Kutoka hapo husukumwa hadi tenki kubwa lililo juu ya kilima cha Mabale, lenye ujazo wa lita milioni 35, ndipo yanapoanza safari ya kuteremka. Rais Jakaya Kikwete aliuzindua Mei 2009, maji yakiishia Shinyanga na Kahama. Baadaye bomba likaongezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora.

Faida yake ni kwamba maji yanasafishwa mahali pamoja, na wataalamu na maabara pia wako pamoja. Ubaya wake ni huo huo: kitu kikiharibika Ihelele, anayekosa maji yuko mkoa wa tatu, na hata hajui Ihelele iko wapi.

2. Kwa nini tusichimbe visima tu? Si ni rahisi zaidi?

Ni rahisi zaidi pale maji ya ardhini yapo, na mahali hapo chimba kisima. Bomba kuu ni la mahali ambapo visima vimeshindwa.

Sehemu kubwa ya Shinyanga na Tabora imelala juu ya mwamba wa itale. Mwamba huo haufyonzi maji kama mchanga. Maji hukaa kwenye nyufa, na ukikosa ufa umechimba shimo kavu la mita 100. Unaweza kupata maji kisima cha kwanza na ukakosa cha pili, hatua hamsini kutoka hapo. Vingine hutoa maji mengi mvua zikinyesha, kisha hukauka Septemba. Vingine hutoa maji ya chumvi, au yenye floridi nyingi (tazama swali la 16).

3. Ziwa Victoria si linamwaga Mto Nile? Misri wanaturuhusu?

Hatuombi ruhusa ya Misri. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilikubaliana na Misri kwamba kazi yoyote ya kupunguza maji ya Nile, pamoja na maziwa yanayoulisha, isifanyike bila idhini ya Cairo. Mwaka 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika huru haifungwi na makubaliano hayo. Msimamo huo ndio uliosimamiwa miaka ya mwanzo ya 2000, Edward Lowassa akiwa Waziri wa Maji, mradi wa Kahama na Shinyanga ulipotangazwa na malalamiko yakaanza kusikika kutoka Misri.

Leo kuna Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile, uliofunguliwa kutiwa saini Entebbe Mei 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2024. Tanzania ni mwanachama. Misri na Sudan hazijasaini.

Hofu ya kulikausha ziwa haina msingi wa hesabu. Lita milioni 80 kwa siku ni kama kijiko kwenye pipa. Kinacholitikisa ziwa ni mvua na jua, ambavyo vinaitesa hata mitambo yetu: mwaka 2006 maji yalishuka vibaya, na 2020 na 2024 yakapanda hadi kuingia kwenye nyumba za watu. Ndiyo maana dakio la maji, yaani mahali yanapovutwa, hujengwa liweze kufanya kazi ziwa likiwa juu na likiwa chini.

4. Mradi ni wa nani hasa? Tumlalamikie nani?

Inategemea kilichoharibika.

Ruhusa ya kuchota maji kwenye mto, ziwa au ardhini hutolewa na bodi ya maji ya bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Nchi ina mabonde 9. Mamlaka ya bomba kuu, kwetu hapa ni KASHWASA, ya mradi wa Kahama na Shinyanga, huzalisha maji na kuyauza kwa jumla. Mamlaka ya mji, kama ya Shinyanga au Tabora, huyanunua kwa jumla na kuyauza kwako kwa rejareja. Vijijini kuna RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliyoundwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, na chini yake chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho wazee bado wanakiita jumuiya ya watumia maji. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ndiyo inayopitisha bei za mamlaka.

Bomba la mtaani kwako likipasuka, usiende KASHWASA. Ni sawa na kumlalamikia mwenye kiwanda cha unga kwa sababu duka la mtaani limefungwa.

## Kupanga

5. Kiasi cha maji tunachohitaji kinakokotolewaje?

Watu hudhani wahandisi wana siri hapa. Hawana, tuifanye pamoja.

Chukua kijiji cha watu 4,000. Sera ya maji ya 2002 ilitaka mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kwenye kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kisihudumie zaidi ya watu 250. Sensa ya 2022 ilionyesha watu wanaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, na mradi unasanifiwa kwa miaka 20. Baada ya miaka hiyo 4,000 wanakuwa kama 7,500. Zidisha kwa lita 25, unapata lita 187,500. Sasa tuseme asilimia 20 itapotea njiani, na hapo tunajipendelea. Ili lita hizo zifike kwa watu, inabidi uzalishe karibu lita 235,000 kwa siku. Kwa kigezo cha watu 250, vituo ni 30.

Ongeza shule, zahanati, na wale watakaovuta bomba hadi ndani, kwa sababu mwenye koki jikoni hatumii lita 25. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kijiji kuhesabiwa kwa vilula, halafu miaka mitatu baadaye nyumba mia mbili zimeunganishwa na wa mlimani hawapati tone.

6. Ng'ombe wanahesabiwa?

Wahesabiwe, na kikao cha kwanza ndicho mahali pa kulisema. Usukumani ukisanifu mradi wa binadamu peke yao, umesanifu ugomvi. Mfugaji aliyekosa mbauti (birika la kunyweshea mifugo) atapeleka ng'ombe kwenye kilula, au atatoboa bomba. Ng'ombe wetu wa kienyeji hunywa kama mtu mmoja wa kijijini anavyotumia kwa siku, hivyo kundi la 2,000 ni nusu ya kijiji kingine. Mara nyingi jibu la nafuu ni lambo la maji ya mvua kwa mifugo, na maji yaliyotibiwa yabaki ya watu.

7. Bomba kuu linapita kijijini kwetu lakini hatupati maji. Kwa nini?

Hili ndilo swali linaloumiza kuliko yote, na mwenye kuuliza ana haki ya kukasirika. Anaona alama za zege za njia ya bomba shambani kwake, na mke wake anakwenda kuchota kwenye dimbwi.

Sababu ya kwanza ni shinikizo. Bomba kuu hubeba maji kwa nguvu inayoweza kupasua bomba dogo la plastiki kama puto. Hulitoboi ukaweka koki. Inabidi ujenge chemba, uweke valvu ya kupunguza shinikizo na dira (mita ya maji) ya jumla, kisha tenki la kijiji, ndipo uteremshe vilula. Hayo yote yana gharama, na mara nyingi hayakuwemo kwenye mkataba wa mkandarasi wa bomba kuu.

Sababu ya pili ni kimo. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tabora iko kama mita 1,200. Maji hayapandi kwa huruma. Kijiji kilicho juu ya mstari wa shinikizo, yaani kimo ambacho nguvu ya bomba inaweza kuyafikisha maji, kinahitaji pampu yake, hata kama bomba linapita mita kumi kutoka ofisi ya mtendaji.

Sababu ya tatu ni bajeti ya hatua. Mradi husainiwa kwa miji, kwa sababu miji ndiyo yenye wateja wanaolipa, na vijiji huwekwa "awamu ya pili". Wizara ilikuja kuweka utaratibu kwamba vijiji vilivyo ndani ya kilomita 12 kila upande wa bomba kuu vipewe maji. Ni utaratibu mzuri, ila kila tawi linakula maji na shinikizo la walio mbele. Kijiji chenu kikiwa ndani ya kilomita hizo, mkutano mkuu wa kijiji uandike muhtasari wenye idadi ya watu, eneo lililotengwa kwa tenki na jina la chombo kitakachoendesha, upelekwe RUWASA wilayani. Barua ya "tunaomba maji" bila vitu hivyo hubaki kwenye faili.

8. Kwa nini wapimaji wanakuja kila mwaka na hakuna kinachojengwa?

Kwa sababu ni watu tofauti wenye kazi tofauti. Kuna upembuzi yakinifu, unaouliza kama mradi unafaa. Kuna usanifu wa kina, unaotoa michoro na makadirio ya gharama. Kuna tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo cheti chake hupitia NEMC, baraza la mazingira la taifa. Na kuna wathamini wa mali (tazama swali la 9). Mfadhili akiingia, naye hutuma wa kwake. Michoro ikikaa miaka mitano kabatini, kijiji kimehamia barabarani na bei ya bomba imebadilika, kwa hiyo wanapima tena.

Ushauri kwa diwani: omba nakala ya ripoti kila wanapoondoka. Nimeona halmashauri ikilipia upimaji mara ya pili kwa kuwa ripoti ya kwanza ilipotea kwenye kompyuta ya mtu aliyehamishwa.

9. Bomba limepita shambani kwangu. Nalipwa?

Mazao, miti, nyumba na ardhi inayotwaliwa vinathaminiwa na kulipwa fidia. Usisaini fomu ya uthamini ambayo hujaisoma mwenyewe au kusomewa na mtu unayemwamini; hesabu miti yako kabla mthamini hajafika. Fidia isipolipwa ndani ya miezi 6, kanuni zinadai riba. Baada ya bomba kufukiwa, mahindi na karanga unaweza kulima juu yake, lakini si mti wenye mizizi mikubwa wala msingi wa nyumba.

## Fedha

10. Fedha za mradi mkubwa hutoka wapi?

Kwenye mifuko mitano hivi, na mara nyingi huchanganywa.

Wa kwanza ni bajeti ya Serikali. Awamu ya Ihelele hadi Shinyanga na Kahama ilijengwa kwa fedha za ndani, takriban shilingi bilioni 250, jambo lililokuwa geni wakati ule. Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, litakalohifadhi mita za ujazo milioni 190 ili Mto Ruvu usiiache Dar es Salaam kavu kama ilivyotokea mwishoni mwa 2022, nalo linajengwa kwa njia hiyo.

Wa pili ni Mfuko wa Taifa wa Maji. Shilingi 50 katika kila lita ya petroli na dizeli huingia humo. Ukipanda bodaboda umechangia kisima cha mtu.

Wa tatu ni mikopo ya nafuu ya nchi na benki za maendeleo (swali la 11). Wa nne ni misaada, ikiwemo fedha za tabianchi. Mradi wa Simiyu, unaovuta maji ya Ziwa Victoria kuelekea Bariadi na wilaya jirani, una fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Wa tano ni soko la mitaji (swali la 12).

Kuna pia utaratibu wa lipa kwa matokeo. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 350 kwa maji na usafi wa mazingira vijijini, fedha zikitoka kadiri huduma inavyothibitishwa. Napenda utaratibu huu kuliko mingine, kwa sababu anayehesabu anahesabu koki inayotoa maji, si urefu wa mtaro uliochimbwa.

11. Mkopo wa nje una ubaya gani, ikiwa riba ni ndogo?

Riba ndogo si gharama yote. Awamu ya Nzega, Igunga na Tabora ilitumia mkopo wa dola milioni 268.35 kutoka Benki ya Exim ya India, na mradi wa miji 28 ukafuata kwa dola milioni 500 kutoka India pia. Mikopo ya namna hii huja na masharti: wakandarasi hutoka nchi ya mkopeshaji, na kwa India kawaida angalau robo tatu ya bidhaa na huduma zinunuliwe huko. Ushindani wa bei unapungua, na miaka kumi baadaye spea ya pampu inaagizwa kutoka kiwanda kile kile.

Halafu kuna dola. Unakopa kwa dola, mteja analipa bili kwa shilingi. Dola ilipotoka kama shilingi 2,300 hadi 2,600, kila dola milioni moja ya deni iliongezeka shilingi milioni 300 bila mtu kuchimba hata futi moja ya mtaro. Deni hilo ni la Taifa, Hazina ndiyo inayosaini, kwa hiyo halionekani kwenye bili yako. Unalilipa kwa kodi.

Pamoja na hayo, Tabora ingesubiri fedha za ndani ingekuwa bado inasubiri. Mimi ningekopa.

12. Mamlaka ya maji inaweza kukopa kwa wananchi wake yenyewe?

Inaweza, na imeshafanyika. Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilizindua hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Wawekezaji walitoa zaidi ya zilizoombwa, na hatifungani ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha ni kwa ajili ya kupanua chanzo na mtambo na kuunganisha wateja zaidi.

Kabla hujapiga makofi kwenye kikao na kusema "na sisi tufanye", angalia riba. Asilimia 13.5 inalipwa na bili za maji, si na Hazina. Tanga ina viwanda, wateja wanaolipa na hesabu zilizokaguliwa miaka mingi. Mamlaka ambayo haijui maji yake mengine yanakwenda wapi (swali la 15) haina la kumwonyesha mwekezaji.

13. Wafadhili wakiwa wengi, si ndiyo mradi unakwenda haraka?

Uliza watu wa Same na Mwanga. Mradi wao wa kuchukua maji bwawa la Nyumba ya Mungu ulianza 2014 ukiwa na mifuko kadhaa ya nchi za Kiarabu pamoja na Serikali. Mwaka 2020 mikataba ya wakandarasi ikavunjwa, kazi ikasimama, ikaanza tena kwa mpangilio mwingine, na uzinduzi ukafanyika Machi 2025. Kila mfadhili ana fomu yake, ana idhini yake ya "hakuna pingamizi" kwa kila zabuni na kila mabadiliko, na kipande chake cha mradi. Kipande kimoja kikichelewa, bomba la wengine linakaa ardhini bila maji. Mifuko miwili inatosha. Ikizidi hapo, uwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni barua tu.

## Bei, madeni na maji yanayopotea

14. Maji ni ya Mungu. Kwa nini tunalipia, na kwa nini mamlaka zinadaiana?

Maji ni ya Mungu; umeme ni wa TANESCO.

Kuinua mita moja ya ujazo, yaani madumu 50 ya lita 20, hadi kimo cha mita 100 kunahitaji uniti 0.27 za umeme kama pampu ingekuwa kamili. Hakuna pampu kamili, kwa hiyo weka 0.4 na zaidi. Rudi kwenye kijiji cha swali la 5: lita 235,000 zikipanda mita 120, ni kama uniti 113 kila siku, Jumapili na Idi pamoja. Ongeza dawa ya kutibu maji, mishahara, spea.

Sasa fuata njia ya fedha. Wewe unalipa mamlaka ya mji. Mamlaka ya mji inalipa mamlaka ya bomba kuu kwa bei ya jumla. Mamlaka ya bomba kuu inalipa umeme. Taasisi ya umma isipolipa bili yake miezi minane, mamlaka ya mji inachelewesha malipo ya jumla. Mamlaka ya bomba kuu inapunguza saa za kusukuma. Maji yanakuja kwa mgao. Wateja wanagoma kulipa "maji ya mgao", na mduara umefunga. Pampu ni nzima, bomba ni zima, ziwa limejaa, na watu hawana maji. Miradi mikubwa niliyoiona ikidhoofika, mingi ilianzia hapa na si kwenye chuma.

Kwa hiyo wakati wa kupanga, swali la "nani atajenga" likishajibiwa, bado hujauliza lenye uzito: bili ya umeme ya mwezi wa kumi na tatu italipwa kutoka akaunti gani? Mkataba wa mauziano ya jumla usainiwe kabla ya uzinduzi, ukisema uniti ngapi za maji, kwa bei gani, na nini kinatokea mnunuzi akichelewa siku 30. Dira za malipo ya kabla kwenye ofisi za umma husaidia kuliko barua kumi za kukumbushia.

15. Maji yanayopotea yanapotelea wapi?

Mengine yanavuja kwenye maungio, mengine yanaibwa, na mengine hayajapotea kabisa: yamefika, ila dira imechoka na inasoma pungufu, au msoma dira alikadiria akiwa kwenye kivuli cha mwembe. Kujua ni lipi kati ya hayo, unahitaji dira kubwa mahali maji yanapoingia kila eneo. Linganisha kilichoingia saa nane usiku, watu wakiwa wamelala: kinachopita saa hiyo karibu chote ni uvujaji.

Kupunguza upotevu ndicho chanzo kipya cha maji kilicho rahisi kuliko vyote. Tatizo lake ni kwamba hakina utepe wa kukata.

## Mambo ya pembeni

16. Maji ya kisima chetu yanageuza meno ya watoto rangi ya kahawia. Mradi utasaidia?

Hiyo ni floridi, ya kawaida ukanda wa Bonde la Ufa, Arusha na Meru, na baadhi ya sehemu za Singida na Shinyanga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, kunapunguza maji na kuiacha floridi ile ile, kwa hiyo unaikoleza. Maji ya Ziwa Victoria hayana tatizo hilo. Wakati mnasubiri, tengeni kisima chenye floridi kiwe cha kufulia na kujengea, na maji ya mvua ya bati yawe ya watoto.

17. Bomba likifika, visima vya zamani vifungwe?

Hapana. Pampu ya mkono itunzwe. Siku ya swali la 14 itakuja.

18. Dira yangu inazunguka koki ikitoa upepo. Nalipia hewa?

Ndiyo, kiasi. Maji yakikatika, bomba hujaa hewa. Yakirudi huisukuma mbele, na dira haitofautishi. Nililiona mwenyewe kwenye nyumba moja ya mji wa Kanda ya Ziwa. Saa tisa usiku koki ya uani iliyosahaulika wazi ilianza kukoroma, ikapiga chafya mara mbili, na tulipomulika dira kwa simu kile kisindano chekundu kilikuwa kinazunguka kama feni, ndoo ikiwa kavu kabisa. Dakika chache baadaye yakaja maji ya rangi ya chai, kisha meupe.

Dawa ya nyumbani: maji yakikatika funga koki zote baada ya dira, kwa sababu hewa isiyo na pa kutokea haipiti. Yakirudi fungua kidogo kidogo. Dawa ya mradi: valvu za hewa kwenye kila kilele cha njia ya bomba. Zikikosekana kwenye michoro, uliza kwa nini. Ukipewa bili isiyoeleweka, picha ya dira yenye tarehe ndiyo hoja inayosikilizwa.

19. Kijiji chetu kiko mpakani mwa wilaya mbili na kila moja inatutuma kwa nyingine.

Maji hayajui mpaka wa wilaya, lakini bajeti inaujua. Tafuteni bomba lililo karibu na lenye shinikizo, mjue linaendeshwa na nani, na ombi liende kwa huyo kupitia meneja wa RUWASA wa mkoa, aliye juu ya wilaya. Mikoa ikiwa miwili, nakala iende Wizarani.

20. Mradi umezinduliwa, maji yametoka wiki mbili, yakakatika. Tuanzie wapi?

Anzieni kwenye mkataba, kabla ya kumwita mbunge. Baada ya kukabidhi kazi, mkandarasi huwa kwenye kipindi cha uangalizi wa kasoro, mara nyingi miezi 12, na sehemu ya fedha zake imezuiliwa hadi kiishe. Kasoro ikionekana ndani ya kipindi hicho anarekebisha kwa gharama yake. Ombeni tarehe ya makabidhiano, na daftari la mtambo linaloonyesha saa za kusukuma kila siku. Daftari likionyesha pampu ilifanya kazi, tatizo liko kwenye bomba au valvu, na hilo ni la mkandarasi. Likionyesha pampu haikuwashwa, rudini swali la 14.

Kila kasoro iandikwe kwa mhandisi msimamizi, na nakala ya barua ibaki kijijini ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Fedha za zuio zikishalipwa mkandarasi huhamisha mitambo yake, na namba yake ya simu huanza kutopatikana.